Kijana Mkosefu na Mlango wa Kurudi

Fasihi yetu ya Kiswahili hupenda kusema na kijana katika nyakati mbili. Husema naye kabla hajakosa, ikampa wasia; kisha husema juu yake akiisha kuangamia, ikawapa wengine onyo. Kati ya nyakati hizo pana wakati wa tatu, nao ni mrefu kuliko zote mbili: wakati ambapo kijana amekwisha kuiba, au kupigana, au kutoroka kwao, lakini hajafa wala hajawa mhalifu wa maisha, na watu wanaomzunguka bado hawajakata shauri watamwita nani. Kwa kila atakaye kujua jinsi uhalifu wa vijana unavyoweza kuzuiwa, wakati huo wa tatu ndio wenye uzito. Katika makala haya nakusudia kuchungua jinsi vitabu vyetu vinavyoupita upesi, na kuonyesha kwamba kasoro hiyo si ya ufundi tu, bali yatudhuru katika mambo ya kila siku.

Nimesema "kijana mkosefu" kwa makusudi. Majina mengine tunayo tele: Dar es Salaam watu husema kibaka, Nairobi husema chokoraa, na wazee walisema mhuni. Yafaa majina haya yatazamwe vizuri. Chokoraa ni mtoto wa mitaani, awe ameiba au hajaiba. Kinachotajwa ni kule kuchokora kwake mapipa ya taka, yaani njaa yake. Mhuni, katika matumizi ya zamani, alikuwa mtu wa kutangatanga asiye na makao yaliyojulikana; kinachotajwa ni kukosa kwake nyumba. Wakati wa utawala wa Mwingereza vijana waliokutwa Dar es Salaam bila kazi walikamatwa kwa jina hilo la uhuni wakarudishwa mashambani, na mwaka 1983 Tanzania huru ilirudia desturi hiyo katika kampeni ya Nguvu Kazi. Hivyo lugha yenyewe imezoea kumhukumu kijana kwa upungufu kabla ya kumhukumu kwa tendo. Neno "mkosefu" lina faida moja: lataja kosa bila kumgeuza mtu mzima kuwa kosa lile.

Tuanze na wasia, maana ndio mzizi wa fasihi yetu ya malezi. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siu, alitunga utendi wake karibu na mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Katika karne iliyofuata, Shaaban Robert (1909–1962) naye aliwaandikia wanawe tenzi mbili, Hati kwa binti na Adili kwa mvulana. Wasomaji wengi huzikumbuka kazi hizi kwa amri zilizomo, kana kwamba ni orodha za mambo ya kufanya na mambo ya kuacha. Kwa maoni yangu nguvu zake hazimo katika amri. Utendi wa Mwana Kupona huanza kwa mama kumwita mtoto asogee karibu, na ndipo maneno yanapofuata. Wasia una mwenyewe. Una mwili uliolala kitandani na mkono unaoweza kushikwa. Mtoto hatakiwi kulitii neno linaloelea hewani. Atakiwa kumtii mtu ampendaye, ambaye hasara ya mtoto ni hasara yake.

Waigaji wa baadaye walizichukua amri wakauacha ule usogeleano. Katika vitabu vingi vya mafunzo twamkuta mtoto mwema na mtoto mbaya wakienda njia mbili, na sauti ya mwandishi ikiwasema wote wawili kutoka mbali. Sauti hiyo haina kitanda wala mkono. Haishangazi basi kwamba kijana wa mjini, aliyetoka nyumba isiyo na mtu mchana kutwa, huisikia kama asikiavyo tangazo la serikali.

Lakini hata wasia ulio bora una mpaka wake, nao unaonekana katika methali itumiwayo kuufunga: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Maneno haya ni ya kweli. Hata hivyo tazama yanapokomea. Yanatuambia nani atakayemfunza mtoto iwapo mama ameshindwa; hayatuambii nani atakayempokea somo likiisha. Methali nyingine zinafunga kabisa: maji yakimwagika hayazoleki, samaki mmoja akioza, wameoza wote. Kweli lugha hii hii yajua pia kusema kwamba kosa moja haliachi mke, na kwamba kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Hazina tunayo ya pande mbili. Swali la mhakiki ni upande upi uliokwenda kuwa hadithi.

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, ndiyo iliyoyatikisa mambo haya kuliko nyingine. Rosa si mwizi wala mnyang'anyi, na mtu aweza kuuliza anaingiaje katika mazungumzo ya uhalifu. Anaingia kwa sababu njia yake ni ile ile ya kijana mkosefu: nyumba yenye ukali bila mapenzi, kisha shule yenye kuta, kisha uhuru wa ghafula usio na mtu wa kuutumia pamoja naye. Baba yake, Zakaria, ni mlevi. Naye ndiye anayejifanya mlinzi wa heshima ya binti. Barua ya mvulana inamtosha kumpiga mtoto kwa ukatili. Kwa picha hiyo Kezilahabi alifanya jambo ambalo wasia haukuweza kulifanya: alimwonyesha mtoa amri mwenyewe, na msomaji akaona kwamba amri yaweza kuwa sahihi na mdomo unaoitoa ukawa umeoza. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni, kisha baadaye kikarudi kikawa kitabu cha kutahiniwa. Historia hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba kiliwagusa watu mahali palipouma.

Wahakiki wameshindana sana juu yake, na shindano lao karibu siku zote ni moja: je, Rosa aliharibiwa na ukali wa baba au na ulegevu wa chuo? Mwandishi mwenyewe ameliandalia shindano hilo uwanja, kwa maana mwishoni anawapeleka baba na binti mbele ya Mungu, na kila mmoja anamtupia mwenziwe lawama. Ni sura yenye nguvu. Lakini nadhani imewavuta wasomaji mbali na tukio lililo zito zaidi, ambalo limetangulia. Rosa alikwisha kurudi. Baada ya miaka ya kupotoka aliazimia kubadilika, akaanza kuishi kwa heshima, na akapata mchumba, Charles, aliyeonekana kuwa mwisho mwema wa safari yake. Charles alipotambua kwamba Rosa si bikira, alimwacha. Na Rosa akajiua.

Hapa ndipo riwaya inapofikia ukweli wake mkali. Rosa haui na upotovu. Anauawa na toba isiyopokelewa. Mahakama ya mbinguni inauliza nani aliyempoteza. Swali la pili, yaani nani aliyemkataa alipokuwa amekwisha kupatikana, halipewi kikao. Nasi wasomaji tumeifuata mahakama ile kwa zaidi ya miaka 50, tukigawa lawama kati ya baba na chuo, na tukimwacha mchumba aende zake kwa amani. Mwanafunzi anayeulizwa katika mtihani "Rosa afunza nini?" hujibu kwamba wazazi wasiwe wakali mno wala wasichana wasiwe huru mno. Ni nadra kusikia jibu la tatu: kwamba aliyetoka katika kosa asikutane na mlango uliofungwa.

Kwa habari za wizi na jela zenyewe, yatupasa kutoka kidogo nje ya Kiswahili tumtazame jirani. Meja Mwangi, mwandishi wa Kenya, alitoa mwaka 1973 riwaya ya Kiingereza iitwayo Kill Me Quick, jina ambalo laweza kufasiriwa "Niue Upesi". Vijana wake wawili, Meja na Maina, hawakukosa mafunzo. Wamesoma hadi shule ya sekondari, wakaja Nairobi na vyeti vyao, na kila mlango wa kazi ukawajibu kwamba hapana nafasi. Wanalala vichochoroni na kula vilivyotupwa katika mapipa. Wanapata kazi shambani kisha wanaipoteza, wanaachana, Maina anaingia katika genge la wezi katika mtaa wa mabanda, na mwisho wake ni kushitakiwa kwa mauaji. Meja naye anapita katika kazi ya kuvunja mawe na kuishia gerezani.

Riwaya hii ndiyo jibu kwa yeyote anayedhani kwamba uhalifu wa vijana ni upungufu wa mawaidha. Hao wawili walipewa mawaidha yote ya zama zao: someni, nanyi mtapata. Wakasoma. Lakini sitaki kukomea hapo, kwa sababu kusema "umaskini ndio chanzo" ni rahisi, na wengi walio maskini hawaibi. Tazama mambo mawili ambayo Mwangi ameyaona kwa jicho kali. La kwanza ni safari ya Meja kwenda kwao. Anafika karibu, anakutana na dada yake mdogo, na kabla ya kuwafikia wazazi anageuka na kurudi mjini. Hakuna aliyemfukuza. Matumaini ya jamaa, waliotoa kila kitu ili asome, yamekuwa mazito hata hawezi kuwatokea mikono mitupu. Mlango wa Charles ulifungwa na aliye ndani. Huu wafungwa na aliye nje, kwa aibu yake mwenyewe.

La pili ni gereza. Katika kitabu hiki, mahali ambapo kijana anapokewa bila kuulizwa cheti, akapewa chakula, pa kulala na wenzi wanaomjua kwa jina, ni gerezani. Wafungwa hutoka na kurudi, na kila arudiye hukaribishwa kama mtu aliyekuwa safarini. Mwangi halihubiri jambo hili; analieleza kwa mzaha, na mzaha huo wauma kuliko mahubiri. Nyumba pekee iliyojifunza kumpokea mkosefu ni ile inayomkamilisha katika ukosefu wake.

Wanafunzi wetu husoma pia fasihi ya Kiingereza, nao wataniambia kwamba yupo mwandishi aliyeandika mapokezi. Ni kweli, yupo Charles Dickens, katika Oliver Twist, riwaya iliyotoka kwa mafungu kati ya mwaka 1837 na 1839. Bwana Brownlow anaibiwa leso barabarani mjini London. Oliver anashikwa kwa wizi ule asioutenda, anapelekwa mbele ya hakimu, na Brownlow, yule yule aliyeibiwa, anamchukua mtoto mgonjwa nyumbani kwake na kumuuguza. Baadaye anamtuma nje na vitabu pamoja na noti ya pauni tano, na rafiki yake Grimwig anasema hatarudi. Wazee wawili wanakaa na saa mezani wakingoja. Sijui picha bora kuliko hiyo ya maana ya kumwamini kijana aliyetiwa shaka: ni kuweka mali yako mkononi mwake, kisha kukaa na kungoja, huku jirani akikucheka.

Lakini tusome kwa uangalifu. Oliver hakuiba. Tena mwishoni twaambiwa kwamba ni mtoto wa watu wenye hadhi, na wema wake kama kwamba ulikuwa katika damu. Yule aliyeiba kwa kweli, kijana mjanja aitwaye Artful Dodger, anakutwa na kijisanduku cha fedha cha ugoro, naye anahukumiwa kupelekwa ng'ambo ya bahari. Msomaji anacheka ujasiri wake mahakamani, na kitabu hakimtaji kwa huruma tena. Mwizi mmoja tu kati ya vijana wale anarudi, naye ni Charley Bates. Akiwa ametishwa na mauaji aliyoyafanya Bill Sikes, anaacha wizi, anakuwa kibarua wa mkulima, na hatimaye mfugaji. Safari hiyo, ambayo ingeweza kuwa riwaya nzima, Dickens aliipa aya moja katika sura ya mwisho. Basi hata mwandishi mwenye moyo mkubwa namna ile aliona rahisi kumpokea asiye na hatia kuliko kumpokea mwenye hatia. Kasoro tunayoizungumza si ya Waswahili peke yao.

Msomaji aweza kupinga hivi: riwaya si ofisi ya ustawi wa jamii. Kazi yake ni kuonyesha maangamizi kama yalivyo, ili kijana aogope. Hoja hii yataka majibu mawili.

Jibu la kwanza ni kwamba hofu haifanyi kazi tunayodhani. Jambo hilo limepimwa. Mwaka 1978 huko Marekani ilitoka filamu ya mambo ya kweli iitwayo Scared Straight!, iliyoonyesha vijana wakipelekwa katika gereza la Rahway, New Jersey, ili wafungwa wa vifungo virefu wawatishe kwa habari za maisha ya ndani. Watu waliipenda, na miji mingi ikaiga. Kisha Anthony Petrosino na wenzake wakakusanya majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu juu ya mipango ya namna hiyo, wakaona kwamba vijana waliopelekwa kutishwa walielekea kukosa zaidi kuliko wenzao walioachwa bila kufanyiwa lolote. Onyo tupu halikuwa dawa dhaifu tu, lilidhuru. Na riwaya ambayo kazi yake yote ni kuogofya ni ziara ya gerezani iliyoandikwa.

Jibu la pili ni kwamba maangamizi si "mambo kama yalivyo". Katika miaka ya kabla ya 1950, Sheldon na Eleanor Glueck walichunguza wavulana 500 wakosefu wa Boston pamoja na wengine 500 wasiokuwa wakosefu. Miaka mingi baadaye John Laub na Robert Sampson waliyafufua maandishi yao, wakawatafuta wale wakosefu hadi walipofikia umri wa miaka 70, na kutoa habari zao katika kitabu cha mwaka 2003. Wengi wa wakosefu wale waliacha uhalifu. Tena alama za utotoni hazikutosha kubashiri nani ataacha na nani ataendelea. Kilichowageuza kilikuja baadaye: kazi ya kudumu, ndoa njema, utumishi wa jeshi, kwa neno moja, mahali pa kuwa na watu wa kuwajibika kwao. Ikiwa hivyo ndivyo maisha yalivyo, basi mwandishi anayewaangamiza wakosefu wake wote hawezi kujitetea kwa kusema anafuata ukweli. Anafuata desturi ya hadithi.

Wala hatuna haja ya kwenda Boston ili tuone jambo hilo. Katika miaka ya hali ya hatari nchini Kenya, iliyoanza mwaka 1952, serikali ya kikoloni iliwafunga maelfu ya watu, na miongoni mwao walikuwamo vijana wengi. Mwaka 1955 vijana walikusanywa katika kambi ya Wamumu, bondeni Mwea, chini ya usimamizi wa Geoffrey Griffin. Haifai kuipamba kambi ile. Ilikuwa sehemu ya mfumo wa vifungo uliokuwa na ukatili mwingi, na "kurekebishwa" kulimaanisha kukana upande wa watu wao. Lakini ndani ya kambi hiyo palijaribiwa jambo ambalo serikali yenyewe haikuliamini katika magereza yake mengine: vijana walisomeshwa, wakafundishwa kazi za mikono, na wakatafutiwa kazi walipotoka. Mwaka 1959 Griffin, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walianza kituo cha Starehe jijini Nairobi kwa ajili ya wavulana wasio na makao, katika vibanda viwili vya mabati. Kituo kile kilikua kikawa shule mojawapo iliyo mashuhuri kabisa Afrika Mashariki.

Habari za Starehe zimesimuliwa mara nyingi kama habari za ushindi, nayo ni haki yake. Mimi naitazama kwa swali la fasihi. Mvulana aliyetoka kichochoro kile kile cha Meja na Maina, akaingia katika kibanda cha bati mwaka 1959, akakuta mtu aliyemwuliza jina lake na kumpa kazi ya kesho asubuhi: huyo yuko wapi katika riwaya zetu? Hakupungua mashaka. Bila shaka wako waliotoroka siku ya pili, walioiba godoro, waliorudi wakapokewa tena. Humo mna mvutano, mna hofu, mna kicheko, yaani mna kila kitu kinachotakiwa na msimulizi. Tumeuachia uwanja huo ripoti na hotuba, na sisi wenyewe tumebaki na kaburi la Rosa.

Hasara ya jambo hili haikomei vitabuni. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi miaka 12, na ikaweka utaratibu wa kumwepusha mtoto na mashitaka kwa njia kama vile kuomba radhi, kulipa alichoharibu na kuwekwa chini ya uangalizi. Tanzania nayo ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kwa muda mrefu imekuwa na shule ya maadilisho huko Irambo, Mbeya. Sheria hizi zote zaegemea dhana moja: kwamba yupo mtu wa kumrudishia mtoto. Hakimu aweza kuandika amri ya kumrejesha kijana kwao, lakini hawezi kumwamuru jirani aache kuficha kuku amwonapo akipita, wala fundi seremala amkabidhi msumeno. Hayo yategemea watu wanaweza kuwaza nini juu ya mwizi wa jana. Na uwezo wa kuwaza hulishwa na hadithi.

Tazama tofauti yake barabarani. Kijana anaponyakua simu au mkoba na sauti ikapigwa, "Mwizi!", kundi hukusanyika kwa dakika chache, na mara nyingine asubuhi gazeti huandika kwamba aliuawa na "wananchi wenye hasira". Maneno hayo yamezoeleka hata hayasomwi tena. Hayana jina la aliyeua wala la aliyeuawa. Simlaumu mwandishi wa riwaya kwa mawe ya barabarani, maana sababu zake ni nyingi: polisi wasioaminika, mali iliyopatikana kwa jasho na kuchukuliwa kwa mara ya tatu. Lakini kundi lile lina hadithi kichwani, nayo ni ile ile tuliyoisoma: kijana huyu amekwisha, mwisho wake unajulikana, tofauti ni siku tu. Wanaufupisha mwendo wa kitabu. Hakuna aliyewahi kuwasimulia sura inayofuata wizi wa kwanza.

Riwaya ya kurudi ingekuwa ya namna gani? Si ngumu kuona isivyopaswa kuwa. Isiwe hadithi ya muujiza, ambamo mwizi huota ndoto na kuamka mtakatifu. Isimfanye mkosefu kuwa Oliver, asiye na doa, kwa kuwa hapo suala lote limekwepwa. Wala isimsahau aliyeibiwa. Hili ndilo kosa ambalo watetezi wa vijana hulifanya mara kwa mara: husema juu ya toba ya mwizi kana kwamba simu iliyoibwa haikuwa ya mtu, na mama muuza samaki aliyenyang'anywa mapato ya siku akaonekana ni mgumu wa moyo akitaka alipwe. Uzuri wa Brownlow ni kwamba yeye ndiye aliyeibiwa. Msamaha wa asiyepoteza kitu ni rahisi, na hauna hadithi ndani yake. Riwaya tunayoingoja itamweka mama yule katikati. Itamwonyesha akikataa, akidai, akihesabu fedha zake zinaporudi kidogo kidogo, na akiamua mwenyewe, bila kusukumwa na mhubiri, kama kijana huyu atamchukulia ndoo ya samaki kesho au hatamchukulia. Na iwe na nafasi ya kurudia kosa, maana mkosefu wa kweli hurudia. Hapo methali isemayo kwamba kosa ni kurudia kosa itapimwa, nayo huenda ikahitaji kuongezewa maneno.

Kazi ya kwanza si ya waandishi, ni yetu sisi tunaosoma na kufundisha. Rosa Mistika tunayo tayari, na si lazima tuisome kama tulivyorithishwa. Mwalimu anaweza leo kuwaambia wanafunzi wake waiache mahakama ya mbinguni kwa muda, wafungue kurasa za uchumba wa Rosa, na waandike kesi ambayo Kezilahabi hakuiandika: Charles akiwa kizimbani, na Rosa akiwa shahidi. Waulizwe alikuwa na haki gani ya kuchagua mke, na haki hiyo iliishia wapi. Waulizwe pia wao wenyewe wangefanya nini. Darasani humo watakuwamo mahakimu wa miaka 20 ijayo, maafisa wa ustawi wa jamii, wenye maduka na wazazi. Wengi wao watakutana na kijana aliyetoka Shikusa au Irambo na barua ya kuombea kazi mkononi, naye atakuwa amesimama mlangoni akingoja jibu.